Zimwi lilikuwa na matege

Mhariri,

Desemba 2013 jarida la madaktari wa Australia lilichapa makala ya mzaha juu ya The Hobbit, ile riwaya ya Tolkien yenye mazimwi: ati waovu hushindwa kwa kukosa vitamini D, maana wanajificha jua na chakula chao kibovu. Nilicheka hadi chai ikanimwagikia kanzuni.

Nikalikumbuka zimwi la ngano za marehemu bibi. Likikaa pangoni mchana kutwa, likitoka usiku kwa miguu ya upinde, magoti hayakutani. Kumbe matege yale, mifupa kupinda kwa kukosa vitamini D! Dagaa wa kuanikwa, wenye vitamini hiyo, tele ufukweni, lenyewe linataka watoto tu.

Na Popobawa, yule pepo wa usiku wa 1995, aliyetulaza barazani kwa hofu, nani amempima?

Tutengeeni ukurasa Sikukuu ya Idi, madaktari wetu nao watuchekeshe.

Msomaji wako,
Wete, Pemba