Vidonda vya mdomoni vya Nuru

Mama Nuru, shoga yangu,

Salamu nyingi, na mpe pole mgonjwa. Homa, kisha vidonda ulimini na vipele viganjani na kwenye nyayo: daktari amesema kweli, ni ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Ni virusi, kwa hiyo usihangaike na antibayotiki. Utaisha wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Mimi vidonda havinitishi. Kinachonitisha ni mtoto kuogopa kumeza mpaka akaishiwa maji.

Kwa hiyo tuliza maumivu kwanza. Paracetamol ya maji ni miligramu 15 kwa kila kilo. Nuru ana kilo 12, basi miligramu 180. Soma chupa: ya miligramu 120 kwa mililita (mil) 5, mpe mil 7.5, ya miligramu 250 kwa mil 5, mil 3.6 tu. Hapo ndipo wengi hukosea. Pima kwa bomba la sindano (bila sindano, bila shaka), maana vijiko vya jikoni havilingani. Rudia kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini usimpe kabisa.

Subiri nusu saa dawa ishike, ndipo umpe maziwa baridi au uji mwepesi uliopoa kabisa. Akigoma kikombe, chukua bomba, mil 5 kila dakika chache, ukielekeza ndani ya shavu, si kooni. Barafu za maziwa anyonye atakavyo. Za ubuyu au ukwaju hapana: ule ukali ukigusa kidonda, hata maji atayakataa siku nzima.

GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka, haiui virusi hivi, na rangi yake inaficha vidonda usivione. Jeli za ganzi za benzokaini ziache. Kwa watoto wadogo zinaweza kuizuia damu kubeba oksijeni.

Asipokojoa kwa saa 8, akilia bila machozi, homa ikipita siku 3, akishtukashtuka usingizini, akilegea au kuyumba akitembea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Ukibadilisha nepi nawa kwa sabuni na maji tiririka, hata akishapona, kwani virusi hutoka na choo kwa wiki kadhaa. Vitakasa mikono havivimudu vizuri.

Na kucha zikibanduka mwezi ujao, usishtuke. Zitaota nyingine.

Nisalimie Baba Nuru.

Wako,
Mama Salma