Mwanangu, umelala masaa mangapi?

Mwanangu Baraka,

Jana kwenye simu ulisema umelala masaa 3 na huna uchovu, tena ukalisema kwa furaha. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka.

Mtu akikesha akachoka, mwili unadai haki yake. Wewe ukikesha usichoke, umeanza kupanda, yaani akili na mwili vinachangamka kupita kiasi. Na kwa baipola, huu ugonjwa wako wa kupanda na kushuka hisia, kukosa usingizi ni dalili na ni chanzo pia: usiku mmoja wa kukesha unaweza kukuwasha, na ukishawaka usingizi unakimbia kabisa. Usingoje zitimie zile siku 7 wanazohesabu madaktari kabla ya kusema mtu amepanda kweli. Usiku wa pili ukiwa hivyo, nenda kliniki. Hospitali ya akili ya Mirembe iko hapohapo Dodoma, huna kisingizio.

Litiamu, dawa yako hiyo, haitaki kubahatisha. Ukimeza saa 3 usiku, damu itolewe saa 3 asubuhi kabla hujameza kingine; wakiitoa mapema zaidi, kipimo kinasoma juu kuliko ukweli. Figo na tezi ya shingo vipimwe kila miezi 6. Halafu kuna jua la huko. Ukitoka jasho sana au ukiharisha, maji na chumvi vinapungua, figo zinaizuia litiamu badala ya kuitoa, nayo inajaa kwenye damu. Kunywa maji, na chumvi usiipunguze ghafla. Kichwa kikiuma meza parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni usiguse, hata akikupa rafiki, maana nazo zinaipandisha. Mikono ikitetemeka kwa nguvu, ukatapika, ukayumba, ulimi ukawa mzito, usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Zile wiki ulizoacha dawa kwa sababu kuna mtu nyumbani alisema umeshapona, hazihesabiki kwako. Wala kulala kitandani bila kuoga, ulipokuwa umeshuka, hakukuwa uvivu. Neno hilo lisirudiwe.

Zoezi la pumzi umelishika vizuri, na ninajivunia. Dakika ya kwanza taja kilichopo: "hasira imekuja", usiseme "mimi ni mtu wa hasira". Ya pili fuata pumzi tumboni. Ya tatu sikia mwili wote mpaka nyayo sakafuni. Lakini ukiwa umepanda, usikae muda mrefu umefumba macho, mawazo yatazidi kukimbia. Fumbua macho, tembea polepole, uache. Na zoezi halichukui nafasi ya kidonge. Kazi yake ni kukupa nafasi kidogo kati ya hamu na kitendo. Bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, likiingia ukatamani kununua pikipiki siku hiyohiyo, ngoja siku mbili, ulale usiku zote mbili, uulize watu wawili. Najua utanuna. Nuna, lakini ngoja.

Mirungi na vile vinywaji vya kopo vya kukeshea mtihani, sitaki hata kusikia.

Bati la jikoni limeng'oka tena, fundi anakuja Jumamosi. Kuku wako mweusi ameatamia mayai tisa. Pazia nililokushonea nimelitia kitambaa cheusi kwa ndani, mwanga wa korido usipite. Litundike, lisikae kwenye begi kama lile la mwaka jana. Simu iache mezani, mbali na mto.

Unijibu leo, na uanze na masaa uliyolala.

Mama yako