Jumamosi: hesabu za poka, tumehamia Sinza

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tunakutana Sinza Kijiweni, siyo Mwenge tena, saa 10:00 jioni. Mchango ni Sh 3,000 ya maji na fotokopi, mpeni mweka hazina.

1. Kila watu wawili waje na pakiti moja ya karata 52, jokeri zitolewe.
2. Daftari na kalamu. Kete zetu ni maharage, pesa haichezwi.

Jaribuni hili kabla hamjaja. Unatafuta karata tano za kopa: una kopa mbili mkononi, na kati ya karata tatu za mezani mbili ni kopa; bado mbili kufunuliwa. Zimebaki kopa 9 kwenye karata 47 usizoziona. Uwezekano wa karata inayofuata kuwa kopa ni 9/47, kama asilimia 19. Kwa karata mbili zilizobaki ni kama 35. Wengi huharibu hapa, wanalipia karata moja kwa hesabu ya mbili. Mezani pana kete 80, mpinzani anaongeza 40: unalipa 40 kwenye jumla ya 160 (80 + 40 + 40 zako), hivyo unahitaji asilimia 25. Kwa 19 haitoshi, labda uwe na uhakika wa kuvuna zaidi ukiipata. Hapo ndipo tutakaa sana.

Tafadhali andika NAJA au SIJI kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku, nijue nakala za kutoa.