Mama anataka hesabu za Darasa la Tano, mtoto hajui silabi

Mhariri, assalaam alaikum.

Nimemaliza Kidato cha Sita na bado sina kazi. Naishi kijiji kimoja katika Wilaya ya Micheweni, Pemba. Jioni watoto wakitoka chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani, huja barazani kwetu niwasomeshe mpaka karibu na magharibi. Silipwi, ingawa ndizi hazikosekani nyumbani siku hizi.

Wengi ni wa Darasa la Tano. Niliwapa hadithi fupi ya Darasa la Pili, na wengi wao hawakuvuka mstari wa kwanza. Kuna mmoja wa miaka 12 ndiye anayenikosesha usingizi. Chuoni anasifiwa kwa hifdhi, kuhifadhi Qur'ani kwa moyo, na sauti anayo, mashaallah. Lakini muandikie "Ng'ombe amekunywa maji", atakusomea "Mtoto amekunywa maji". Neno moja analitambua, mengine anayabuni, tena kwa kujiamini, na nadhani ndivyo alivyopanda madarasa bila ya mtu kumshtukia.

Hesabu ni hivyo hivyo. Mpe 52 toa 38, ataandika 26, kwa sababu kila safu anatoa dogo katika kubwa: nane toa mbili, tano toa tatu. Na huyu huyu akiuza ubuyu wa mama yake, mpe shilingi 1,000 kwa ubuyu wa 350, atakurejeshea 650 hapo hapo. Kwa hiyo akili ipo. Kinachomshinda ni kile kilichoandikwa.

Nikaamua kuanza chini. Nimekata vikaratasi vya silabi, wanapanga maneno. Kwa hesabu tunatumia njukuti za ufagio, kumi kumi zimefungwa kwa uzi. Za moja moja zikipungua, unafungua fungu moja. Nilisoma kwamba huko India shirika la Pratham huwapima watoto kwanza, nani yuko kwenye herufi, nani kwenye neno, nani kwenye aya au hadithi, kisha huwapanga kwa kiwango badala ya darasa. Nami nikafanya hivyo, na kijana ameanza kusoma sentensi fupi bila ya kubuni.

Hapo ndipo mama yake aliponijia. "Mwanangu, huyu wa Darasa la Tano unamchezesha vijiti na watoto wa Darasa la Pili? Mtihani wa Darasa la Sita atafanyiwa na nani?" Sikuwa na jibu zuri, maana si mtu wa kubishana naye, na hoja yake si ya kipuuzi. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipeleka hesabu na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia Darasa la Tano, na kitabu anacholeta mtoto ni cha Kiingereza. Mama anataka tufanye maswali ya kitabu hicho. Lakini swali lenyewe hawezi kulisoma. Tutakaa jioni nzima mimi nasoma, mimi natafsiri, mimi nakokotoa, yeye ananakili.

Kijana naye ameanza kuona haya. Wenzake wakipita kutoka mpirani, anazificha njukuti chini ya paja.

Naomba ushauri, hasa wa walimu wa skuli za msingi. Niigawe jioni, nusu silabi na nusu kitabu, au nitavuruga vyote viwili? Wakubwa niwaweke peke yao hata kama kiwango chao ni kimoja na wadogo? Nafikiria pia kumuona mwalimu wake wa darasa, ila nachelea ataona nimekuja kumkosoa, nami si muajiriwa wa popote. Mlio walimu, mtu kama mimi akikujieni, aanze vipi ili msikereke? Msimu wa karafuu nao uko njiani, na wakishaingia kwenye uchumaji sitawaona tena mpaka uishe. Ningependa kujua la kufanya kabla ya hapo.

Msomaji wenu,
Micheweni, Pemba