Shangazi, waache wachague wenyewe

Shikamoo Shangazi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na jioni mama watoto naye akausikiliza. Kumbe WAWATA, yaani umoja wa wanawake Wakatoliki, wamekukabidhi kazi ya kuanzisha stoo ya chakula kwa ajili ya wazee waliobaki peke yao huko juu vijijini, na paroko ametoa kile chumba kilichokuwa kinawekwa viti vya sherehe. Hongera sana. Ukaniuliza ninyi wa Marekani kipindi kile cha korona mlifanyaje, maana ulisikia tulikuwa tunagawa chakula mpaka foleni inatoka barabarani. Jibu la swali hilo haliingii kwenye WhatsApp. Na kwa kuwa wewe si wa kwanza kuniuliza, nimeamua kuliandika na kuliacha wazi, wengine wenye kazi kama yako nao wasome.

Kwanza nimalizane na utani wako, eti Wamarekani walimfungia Mungu mlango. Huko nyumbani Rais Magufuli alisema makanisa na misikiti isifungwe, na Aprili 2020 mkafanya siku tatu za maombi ya kitaifa. Hapa Ohio maaskofu walisimamisha Misa za hadhara katikati ya Machi, na tarehe 23 amri ya kukaa nyumbani ikaanza kutumika. Pasaka ya tarehe 12 Aprili tuliisali sebuleni, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, na komunyo ikawa ile ya tamaa, yaani ya moyoni tu bila kupokea hostia. Nani alikuwa sahihi tutabishana nikija likizo. Mimi ninachokushuhudia ni kwamba kanisa lenyewe lilipigwa kufuli, ila mlango wa nyuma unaoshuka kwenye stoo ya chakula ya parokia yetu ulikuwa wazi kila Jumamosi.

Sasa uelewe chakula kilikuwa kinatoka wapi, maana wengi nyumbani wanadhani serikali inamwaga tu. Kuna maghala makubwa yanayoitwa benki za chakula. La kwetu liko Grove City, pembeni ya Columbus. Maghala haya hupokea vyakula kutoka viwandani, mashambani, madukani na serikalini, kisha stoo ndogo za parokia kama yetu huenda kuchukua huko bure au kwa bei ya kutupa. Mtandao wa Feeding America peke yake una benki kama 200, na chini yake vituo vya kugawa chakula vipatavyo 60,000, vingi vikiwa makanisani. Tena jambo lenyewe lilianzia parokiani. Mwaka 1967 huko Phoenix, Arizona, mzee mmoja aitwaye John van Hengel alipewa jengo lililokuwa halitumiki na Parokia ya Mtakatifu Maria, akaanza kuweka humo vyakula ambavyo maduka yalikuwa yanatupa. Inasimuliwa kwamba aliyempa wazo ni mama mwenye watoto kumi, aliyekuwa akiwalisha kwa kuokota nyuma ya maduka. Mama huyo mwenye njaa ndiye aliyeona njia, Shangazi. Shika hilo.

Kabla ya korona, stoo yetu ilipangwa kama duka. Mtu anaingia, anachukua kikapu, anapita kwenye rafu akichagua kulingana na idadi ya watu wa nyumbani kwake. Aliyekuwa akiisimamia ni bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mkali kweli. Ukijitia wema ukamtumbukizia mtu kopo la mboga kapuni, anakusimamisha mbele za watu: "Umemuuliza?" Sisi wageni tuliona ni mikogo ya Kizungu. Mtu ana njaa, cha kumuuliza nini tena?

Machi ilipoingia mambo yalibadilika ndani ya wiki moja. Wanaojitolea kwenye stoo hizi wengi ni wastaafu, na wastaafu ndio walioambiwa wasitoke nje, kwa hiyo yule bibi na wenzake wakabaki nyumbani. Maduka yaliyokuwa yakitupa masalio yao hayakuwa tena na masalio, kwa sababu watu walibeba kila kitu rafuni, kuanzia tambi hadi karatasi za chooni. Shule zikafungwa, na ujue nchi hii watoto karibu milioni 30 walikuwa wanapata chakula cha mchana shuleni, wengi wao bure. Kufika Aprili wasio na kazi walikuwa asilimia 14.7, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana tangu waanze kuhesabu kwa utaratibu wa sasa mwaka 1948. Huenda hata wewe uliona ile picha ya San Antonio, Texas, magari maelfu yamepangwa kwenye uwanja yakisubiri chakula. Hapa kwetu wanajeshi wa akiba wa Ohio walipelekwa kwenye maghala ya chakula kufungasha. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Nafasi za wastaafu tukazijaza sisi: wahudumu wa hoteli na migahawa waliosimamishwa kazi, vijana wa chuo, na jumuiya yetu ya Kiswahili, yaani Wakongomani, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania wachache. Duka la ndani likafungwa. Kazi ikahamia kwenye maegesho, na kila gari likawa linapewa boksi moja lililofungwa tayari. Dereva hafungui kioo. Anaonyesha kwa vidole idadi ya familia alizozibeba, anafungua buti kwa kitufe, sisi tunatumbukiza mzigo, tunapiga bodi mara mbili kwa kiganja, anaondoka. Mvua ya Aprili ya huku ni ya baridi. Glavu zinalowa, barakoa inalowa, boksi nalo linaachia chini na viazi vinaviringika mpaka chini ya gari la nyuma. Wasio na gari walifika kwa miguu na vitoroli vya watoto, ikabidi wapangiwe mstari wao, maana utaratibu wote ulikuwa umetungwa na watu wenye magari.

Ukipima kwa kilo, tulifanya kazi kubwa mno. Wakubwa walifurahi. Mwezi Mei serikali kuu nayo ikaanzisha mpango wake wa maboksi, ikawalipa wasambazaji wanunue mazao ya wakulima waliokosa soko baada ya migahawa kufungwa (wengine walikuwa wamefikia kumwaga maziwa shambani) na kuyaleta kwenye vituo kama vyetu. Baadaye, uchaguzi ulipokaribia, maboksi hayo yakawa yanakuja na barua ya Rais Trump ndani. Sina la kusema juu ya hiyo barua, hailiki.

Ila ukipita nyuma ya zile nyumba za kupanga wanakokaa watu wetu, pembeni ya pipa la taka unakuta chizi haijafunguliwa. Siagi ya karanga, makopo yenye picha ambazo hata mimi sizielewi, tambi za unga wa chizi, vyote vimepangwa vizuri juu ya ukuta, labda atapita anayevijua. Jirani zetu Wasomali, ambao Columbus wamejaa, walikuwa kwenye Ramadhani, na boksi la parokia linawapelekea soseji za nguruwe. Hakuna aliyekusudia kuwadharau. Boksi halina masikio, ndiyo shida yake.

Aliyelisema hadharani ni mama mmoja kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli, hoteli ikafungwa, na yeye mwenyewe alikuwa anapokea boksi kila Jumamosi. Kwenye kikao cha jumuiya, wakati huo tunakutana kwa simu baada ya rozari, akasema kwa Kiswahili chao cha kule kwamba anashukuru sana, lakini watoto wake wanaenda kulala njaa na friji imejaa. Tukanyamaza. Mwenyekiti akataka kumjibu kwamba apewaye hachagui, shemasi akamzuia.

Wiki iliyofuata mama huyo ndiye aliyekaa na binti yake wa sekondari wakatengeneza karatasi moja yenye picha: mchele, maharage, unga, kuku, samaki, mayai, maziwa, mafuta, nepi. Hakuna Kiingereza cha kusumbua mtu. Karatasi inabandikwa kwenye kioo cha gari, mtu anaweka alama anachotaka, gari likifika mbele mzigo wake unakusanywa. Kwa fedha kidogo za sadaka ya pili tukaenda duka la Wasomali kununua magunia ya unga mweupe wa ugali na dagaa wa pakiti, kwa sababu unga wa mahindi uliokuwa unakuja na misaada ni ule wa njano, wa chengachenga, wa kuokea mikate. Foleni ilikwenda taratibu zaidi, sikufichi, na wapo waliolalamika. Lakini chakula kilicholiwa kiliongezeka, na cha kushangaza, kilichotoka kilipungua. Watu wengi walichukua kidogo kuliko tulichokuwa tunawabandika. Yule mwalimu mstaafu tulipompigia kumweleza alicheka tu.

Kwa hiyo Shangazi, ule mpango wako wa vifurushi vilivyo sawa, kilo tano za unga, mbili za maharage, sukari na sabuni, kisha majina yasomwe kwenye matangazo baada ya Misa, mimi siuungi mkono. Mzee asiye na meno utampa maharage makavu, na kuni za kuyachemsha saa tatu atazitoa wapi? Mwenye migomba mitatu uani hahitaji ndizi za mavuno, anahitaji mafuta ya taa au nauli ya kwenda kliniki. Muulizeni. Chumba mnacho, pangeni rafu, aingie achague, na asiyeweza kutembea atumiwe mtu akamuulize kabla ya kumbebea.

Na majina yasisomwe. Hapa tulijifunza kwa njia ngumu jina linavyomtisha mtu. Februari ile ya 2020 ilikuwa imeanza kutumika kanuni ya uhamiaji iliyosema mhamiaji anayetumia misaada fulani ya serikali anaweza kunyimwa makazi ya kudumu. Chakula cha parokia hakikuwemo, lakini nani atasoma kanuni? Watu waliona kalamu na daftari wakageuza gari. Hao hao ndio waliokosa hata zile dola 1,200 ambazo serikali iliwatumia wengi, kwa sababu hawana namba ya hifadhi ya jamii, au mwenza wao hana na walijaza kodi pamoja. Tukaacha kudai sahihi. Unataja uko na watu wangapi, basi. Huko kwenu hakuna mambo ya uhamiaji, lakini kuna mkwe, kuna jirani, kuna mtoto aliyeko Dar atakayesikia kwamba mama yake ametajwa kanisani kuwa hana chakula. Na picha, tafadhali. Hii tabia ya kumpanga bibi mbele ya mfuko wa unga, viongozi wamesimama nyuma yake wanatabasamu, mimi inanikera. Mkihitaji picha kwa ajili ya wafadhili, pigeni rafu.

Kuna lingine hukuniuliza. Wenye shida zaidi hawakuja kabisa. Kwaya yetu ilikuwa na baba mmoja, besi nzuri, mtu wa kutoa mchango mkubwa kila harambee. Alikuwa anaendesha Uber, na abiria waliisha siku moja. Mwenyekiti wa jumuiya yake alijua, kwa sababu jumuiya hujua, lakini kila akipigiwa anasema tuko salama, Mungu ni mwema. Wakamwendea kwa njia nyingine. Wakamwambia kuna wazee hawawezi kutoka, tunahitaji dereva. Akakubali siku hiyo hiyo. Ukawekwa utaratibu kwamba kila anayefanya kazi Jumamosi, awe nani awe nani, hata daktari mmoja Mkenya aliyekuwa anakuja kubeba maboksi, anaondoka na mzigo wake. Daktari akawa anabeba wake na kuugawa njiani. Yule baba alikuwa anaupeleka nyumbani, na mpaka leo hajawahi kupokea msaada, ukimuuliza. Kwa hiyo wale wajane wenu wawili uliosema wanaona aibu kuja, wapeni kazi ya kupepeta na kupima. Na kwenye kamati yako muweke angalau mmoja anayechukua chakula hapo, mwenye sauti kamili kwenye kikao, siyo wa kuitikia tu.

Kuhusu mahindi ya mavuno, hapo mimi ndiye wa kufundishwa, ila usiyaweke kwenye viroba vya kawaida, dumuzi watayamaliza kabla ya Kwaresima. Ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ina bei, lakini mkiifunga vizuri haihitaji dawa. Mizani nunueni ya kutundika, ya dijitali itawasumbua na betri.

Jumuiya yetu imekubali kuchangia mizani na hiyo mifuko. Naomba unitumie namba ya simu ya mweka hazina, isiwe yako, maana nakujua unavyopendwa hapo kijijini na ninawajua watu wanavyosema. Barua ya shukrani, kama mtaandika, ipelekeni kwa mama wa Uvira. Ndiye aliyesimama kuomba mchango huo, na wa kwanza kutoa.

Wasalimie wote. Mjomba mwambie ile redio nimeiona, inakuja na mtu mwezi ujao.

Mwanao, Columbus