Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Tutajie idadi ya waliokwenda Ujerumani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kazi,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima zote zinazostahili cheo chako. Najua una shughuli nyingi, hasa za kuaga vijana uwanja wa ndege mbele ya kamera, kwa hivyo sitazunguka. Wiki iliyopita ejenti aliyekuwa akitushughulikia safari ya Ujerumani hapa Mombasa alifunga ofisi. Tulikuta kufuli mpya mlangoni, kibao kimeng'olewa, na simu hazishiki. Kijana mmoja kutoka Kilifi alikuwa amekuja na begi kabisa, maana aliambiwa siku hiyo anachukua viza. Tulipokwenda kituoni kuandikisha taarifa, askari alituuliza, "Na nyinyi mliingiaje huko?"

Nataka kumjibu askari yule, na nawe usikie. Tuliingia kwa sababu serikali ilitwambia tuingie.

Mimi ni muuguzi. Nina diploma, nina leseni, kazi sina. Nilifanya ya mkataba katika hospitali moja ya umma, wodi ya wazazi, ambako usiku tulikuwa wauguzi wawili na vitanda vimejaa hadi wengine wanalala mzungu wa nne. Mkataba ulipoisha nikaambiwa hakuna bajeti. Wagonjwa hawakuisha, wallahi, waliongezeka. Iliyoisha ni bajeti.

Basi Septemba 2024 tukamwona Rais Ruto Berlin na Kansela Olaf Scholz, mkataba wa uhamiaji wa kazi unatiwa saini. Jioni ile simu yangu haikulala. Kila kikundi cha WhatsApp kina habari moja: nafasi 250,000. Shangazi yangu ambaye hata Voi hajafika alinipigia kunipongeza. Wajerumani wenyewe ndio waliotoka wakasema hapana, hesabu hiyo si kweli, mkataba hauna idadi yoyote ndani yake. Huku kwetu kanusho hilo halikupigiwa ngoma. Mikutano ya kuandikisha vijana kwa kazi za majuu ikaendelea kaunti hadi kaunti, foleni zikawa ndefu, na maejenti wakapata msimu wao.

Mheshimiwa, usinielewe vibaya. Sisemi Ujerumani haihitaji watu. Inahitaji sana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tangu mwaka 1972 hakuna mwaka hata mmoja ambapo waliozaliwa kule walizidi waliokufa. Mwaka 2024 walizaliwa watoto kama 677,000, wakafa watu zaidi ya milioni moja. Kwa hesabu ya mwaka huo mwanamke kwa wastani anazaa watoto 1.35, na ili watu wasipungue inatakiwa wawe zaidi kidogo ya wawili. Hata hivyo nchi haijapungua sana, bado ina watu zaidi ya milioni 83, kwa sababu pengo linazibwa na wageni. Wachumi wao wamekuwa wakisema wanahitaji ongezeko la wageni kama 400,000 kila mwaka ili viwanda, mabasi na nyumba za wazee visikwame. Kwa nini hawazai, mimi sijui vizuri. Nakisia ni kodi za nyumba, kuchelewa kuoana, na kukosa bibi wa kumwachia mtoto asubuhi. Mwalimu wetu wa Kijerumani anasema ni mbwa, eti wanafuga mbwa badala ya kulea watoto. Tuliyaacha hapo.

Kwa hivyo haja ipo. Ila haja yao si sawa na mlango wazi, na hapa ndipo mlipotuficha, au labda nanyi hamkuuliza. Kwetu twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu anataka kupona, lakini hana hakika na mgeni mwenyewe. Mwaka 1961 waliwaita Waturuki kwa mkataba kama huu, wakawapanga kwenye viwanda na migodi, na Novemba 1973 uchumi ulipoyumba wakasimamisha kuajiri kutoka nje. Februari 2025 chama kinachotaka wageni wapunguzwe kilishika nafasi ya pili kwenye uchaguzi kwa zaidi ya asilimia 20 ya kura. Oktoba mwaka huohuo bunge lao likafuta njia ya kupata uraia baada ya kukaa miaka 3 tu. Nchi yenye wazee wengi namna ile bado inagombana ndani kwa ndani kama inatutaka au haitutaki, na sisi huku tumeshauza mashamba.

Na mkataba wenu, Mheshimiwa, una upande mwingine ambao haukusomwa kwenye mikutano ya kaunti. Kenya ilikubali kuwapokea Wakenya wasio na kibali cha kukaa kule, hata wenye pasipoti zilizokwisha muda. Ni haki yao kuomba hivyo. Lakini upande wa kurudisha watu ni wazi na una utaratibu, na upande wa kwenda tumeachiwa tubahatishe wenyewe na ejenti wa ghorofa ya tatu.

Huko kubahatisha nakuelezea kwa ufupi. Muuguzi lazima diploma yake itambuliwe na mamlaka ya jimbo, na majimbo yako 16. Mara nyingi wanataka Kijerumani cha kiwango cha B2, na baada ya kufika kuna mtihani au mafunzo ya kujazia. Anayetaka kwenda kutafuta kazi akiwa kulekule kwa ile kadi ya fursa iliyoanza Juni 2024, na hana wa kumdhamini, aonyeshe zaidi ya yuro 12,000 benki. Ni zaidi ya shilingi milioni moja unusu! Mwenye pesa hizo hapa kwetu Kisauni anakwenda kufanya nini Ujerumani? Mimi nimejifunza Kijerumani usiku baada ya kuuza mahamri asubuhi, nimepanda basi kwenda Nairobi kufanya mitihani, nimepita B1, ngazi moja chini ya B2. Ada ya ejenti ilikuwa shilingi 180,000. Sehemu ilitoka chama cha mama cha kuweka akiba, sehemu ni ng'ombe wa baba. Chama bado kinadai, na mama yangu siku hizi hapiti njia ya sokoni.

Wanasiasa wetu hupenda kusema tuna vijana wa kumwaga. Mheshimiwa, mwaka 1989 mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa watoto 6.7 kwa wastani. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 umekuta 3.4. Nasi tunakwenda njia ileile, polepole, na wasichana tuliohitimu ndio tuko mbele. Mtakapohitaji wauguzi wa kuwatunza nyinyi wenyewe, natumaini mtakuwa mmebakisha wachache.

Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4. Hiyo hesabu mnayo kila mwezi, hadi senti. Ya watu waliokwenda Ujerumani kwa mkataba wa Berlin mbona hatuipati? Labda ni ndogo inatia aibu. Labda hakuna aliyeihesabu. Ninachokumbuka ni madereva watano wa basi waliopelekwa Flensburg, mji wa kaskazini karibu na mpaka wa Denmark, kama mradi wa majaribio. Nawapongeza. Watano.

Nilikuwa nimepanga kuomba mengi, turudishiwe pesa, ejenti akamatwe, ada iwekewe kikomo, na wauguzi tuajiriwe hapahapa nyumbani. Hayo yote nayataka bado. Lakini la kwanza lisilokugharimu shilingi: tutajie idadi. Waliokwenda ni wangapi, kwa kazi gani, kila mmoja alilipa kiasi gani na alimlipa nani. Idadi tu, Mheshimiwa, kabla ya mkutano mwingine wa kuandikisha. Mama zetu wakiijua, watajua kama ng'ombe auzwe au asiuzwe. Tafadhali. Idadi.

Wako mtiifu,
Muuguzi asiye na wodi,
Kisauni, Mombasa.