Barua kwa Rehema: mahali pa kuweka vigeu vya mazingira

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na natumaini u mzima. Barua yako nimeipata. Umeniambia kwamba uliiongeza folda ya `~/bin` kwenye `PATH`, kigeu cha mazingira kinachoorodhesha folda ambamo programu hutafutwa, ndani ya `~/.bashrc`, kwamba ndani ya terminali kila kitu kinakwenda sawa, lakini kihariri chako unapokifungua kwa kubofya ikoni hakizioni kabisa programu zilizomo humo. Kompyuta yako haina kasoro yoyote. Ingekuwa ajabu kama mambo yangekwenda vinginevyo.

Tangu toleo la 7 la Unix, lililotoka mwaka 1979, kila mchakato, yaani programu inayoendeshwa, huanza na nakala ya vigeu vya mazingira (majina yenye thamani ambazo programu husoma) iliyotoka kwa mchakato uliouzaa, na mtoto akiibadili nakala yake, mzazi na ndugu zake hawapati habari. Faili ya `~/.bashrc` husomwa na bash, ambayo ni sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, inapofunguliwa kwa ajili ya kupokea amri bila kuwa sheli ya kuingilia (ile inayoanzishwa unapoingia kwenye mfumo), jambo ambalo kwa kawaida hutokea ndani ya dirisha la terminali. Kihariri ulichokibofya hakikuzaliwa na terminali hiyo. Kilizaliwa na eneo-kazi (desktop), ambalo nalo lilianzishwa na programu ya kuingilia, iwe GDM, SDDM au LightDM, kabla hujafungua dirisha lolote. Kigeu unachotaka kifike kila mahali hakina budi kuwekwa katika hatua hiyo ya mwanzo.

Kama unatumia Linux, unaweza kulihakiki hilo mwenyewe. Tafuta namba ya mchakato wa kihariri kwa `pgrep`, kisha uandike `tr '\0' '\n' < /proc/NAMBA/environ`, ukiweka namba hiyo mahali pa neno NAMBA. Utaorodheshewa vigeu kama vilivyokuwa programu ilipoanza, na naamini mstari wa `PATH` hautakuwa na folda yako. Mimi hupenda kuanza na kipimo hiki kabla ya kugusa faili yoyote, kwa sababu watu wengi huandika mstari uleule katika faili tano, kisha hawajui ni upi uliofanya kazi.

Ushauri wangu ni kwamba uuhamishie mstari wako wa `export PATH="$HOME/bin:$PATH"` kwenye `~/.profile`, lakini jihadhari na mambo mawili. Bash ikiwa sheli ya kuingilia hutafuta `~/.bash_profile`, kisha `~/.bash_login`, kisha `~/.profile`, na husoma ile ya kwanza inayoipata, basi. Kwa hiyo, kama unayo `~/.bash_profile`, weka ndani yake mstari wa kuiita `~/.profile`, la sivyo utaingia kwa njia moja ukakuta kigeu kipo, na kwa njia nyingine ukakikosa. Jambo la pili ni zito zaidi: skripti za kuanzisha eneo-kazi mara nyingi huendeshwa na `sh` ya kawaida, ambayo kwenye Debian ni dash, sheli nyingine iliyo rahisi kuliko bash. Ukiandika humo safu (orodha ya thamani) kwa sarufi ya bash, dash hukataa kuendelea, na unaweza kujikuta unaandika nywila, skrini inapepesa, kisha unarudishwa palepale pa kuandika nywila. Likikufika hilo, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi matupu, na urekebishe faili.

Kwenye mifumo yenye systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux, kuna njia nyingine, iliyokuja na toleo la 233 la mwaka 2017. Meneja wa systemd wa mtumiaji haisomi `~/.profile`, nayo ndiyo inayoanzisha huduma zako na, katika maeneo-kazi ya siku hizi, programu nyingi unazozibofya. Yenyewe husoma faili ambazo majina yake huishia na `.conf` ndani ya `~/.config/environment.d`. Humo utaandika `PATH=$HOME/bin:$PATH`, bila `export` na bila masharti yoyote ya aina ya `if`, maana hiyo si skripti. Amri ya `systemctl --user show-environment` itakuonyesha kilichopokelewa. Kama sasa unatumia Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, ningeanzia hapa.

Faili za `~/.xprofile` na `~/.xsessionrc` ziache; ni za X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, na ukihamia Wayland huenda zisisomwe tena. `~/.pam_environment` nayo ilishaanza kuondolewa kwa sababu za usalama. `/etc/environment` inafaa kwa kigeu cha watumiaji wote chenye thamani isiyobadilika, lakini ukiandika `$PATH` ndani yake, itachukuliwa kama herufi tu.

Ukimaliza, usifunge terminali pekee; toka kabisa kwenye eneo-kazi na uingie upya. Kama umeacha kikao kingine wazi, kwa mfano cha ssh (kuingia kutoka kompyuta nyingine), meneja ya systemd itaendelea kuishi na mazingira yake ya zamani, hivyo kifunge nacho au uwashe upya mashine. Kisha rudia kipimo cha `/proc`, na unitumie mstari wa `PATH` utakaouona, pamoja na jina la programu yako ya kuingilia.

Wako,
Idrisa